Zamu ya Jumatano Asubuhi

14 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linaendelea na vituko vyake, linajua mvua kabla ya watu wa hali ya hewa, lakini bado linanifikisha ninakokwenda. Mpwa wako amemaliza mafunzo ya umeme na amepata kazi kwenye kampuni inayofunga lifti. Anashinda ndani ya mashimo ya majengo marefu, anarudi mweusi kwa grisi kama ulivyokuwa wewe ulipoanza kwenye karakana ya treni. Nikimwambia akaoge kwanza, ananijibu, "Mama, hii ni harufu ya mshahara." Maneno hayo kayatoa wapi kama si kwako?

Sasa nina habari, na nakuomba uisome ukiwa umekaa. Nimekubaliwa kujitolea kwenye ile taasisi ya elimu ya kiroho niliyokudokezea mwaka jana, ile iliyoko kwenye nyumba ya zamani nyuma ya posta.

Unajua hali yangu ilivyokuwa tangu shemeji yako atangulie. Mtu umekaa miaka yote kwenye ubao wa simu wa hoteli, unawaunganisha wageni na dunia nzima, halafu unastaafu, mume anaondoka, unabaki unazungumza na birika. Jirani yangu wa duka la vitambaa ndiye aliyenivuta kwenye darasa lao. Nilikwenda kumsindikiza tu. Chumba chenyewe kina viti vya mbao, zulia la kijivu na dirisha moja linalotazama ukuta. Watu ni wa dini mbalimbali, na wengine hawajui wao ni wa nini. Mwalimu alitufundisha kukaa kimya, kuvuta pumzi bila haraka, na kuyaacha mawazo yapite bila kuyakimbilia.

Mimi, kukaa kimya. Jirani alikuwa na hakika kwamba nitacheka. Badala yake nililia machozi yale niliyoyakosa siku ya mazishi, na hakuna aliyenigeukia wala kunibembeleza. Waliniacha nilie mpaka nikamaliza. Nikarudi nyumbani nikalala fofofo.

Nimehudhuria mwaka mzima, na moyo ukawa unanisuta kwamba napokea tu. Basi nikamwendea mratibu, mama mmoja aliyekuwa mkunga kabla ya kustaafu, nikamwambia nataka kushukuru kwa kufanya kazi. Akaniuliza, "Unaweza kufanya nini?"

"Kuongea," nikasema. "Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote."

Akanitazama kwa upole. "Basi tutaanza na vikombe."

Kwa hiyo naosha vikombe. Ucheke ukimaliza uniandikie. Wifi hajambo? Na treni yako?

Dada yako


9 Februari

Dada yangu Redio,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Wifi yako mzima, mwaka huu shuleni kwake wamempa darasa la chekechea lenye watoto wengi kuliko viti, anarudi nyumbani sauti imekauka. Mwambie mpwa wangu kwamba ninamwonea fahari na kwamba asiamini waya wowote mpaka aupime mwenyewe.

Habari yako nimeisoma nimekaa, kama ulivyoagiza. Kisha nikasimama. Dada, hao ni watu gani? Nimezunguka na treni miaka mingi, nimewaona wanaowakusanya wajane na kuwafundisha kufumba macho, na wakifumbua wanakuta makochi hayapo. Wamekuuliza habari za hati ya nyumba? Wanavaa sare? Kuna mzee mwenye ndevu ambaye haruhusiwi kuulizwa swali? Mtu mwenye akili timamu hapewi vikombe vya watu wengine avioshe kisha aseme asante.

Sikukatazi. Wewe ni mkubwa wangu, nami sina ubavu huo. Nasema tu ukae karibu na mlango.

Huku hakuna jipya. Niko likizo kidogo, nimepata nafasi ya kukaza bawaba za milango. Hakuna mlango unaolia tena humu ndani.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Nashukuru barua yako imefika, ingawa ilikuwa nyembamba. Hapa tuko salama. Mpwa wako alikwama ndani ya lifti aliyoitengeneza mwenyewe, akatoka amenuna, hataki tulizungumzie, kwa hiyo usimwambie nimekwambia.

Nikujibu. Hati ya nyumba hakuna aliyeiulizia, na akitokea wa kuiulizia nitamkutanisha na mpwa wako, naye ana spana. Sare hakuna. Mwenye ndevu yupo mmoja, ni fundi bomba, anajitolea kama mimi, na anaulizwa maswali mchana kutwa kuhusu choo cha chini.

Kuhusu vikombe, mwanzoni nami niliona nimeshushwa. Wiki za kwanza nilikuwa naviosha kwa hasira, tena kwa kelele ili wanisikie darasani. Siku moja mratibu akaingia jikoni, hakunikemea, akachukua kitambaa akawa anavifuta. Tulifanya kazi ile pamoja. Mara nikagundua kwamba nilikuwa sina hasira tena, na sikujua imeondoka saa ngapi. Alipotundika kitambaa akasema, "Sasa nadhani unaweza kwenda kwenye simu."

Maana wana simu, mdogo wangu. Ipo kwenye chumba kidogo chini ya ngazi. Watu hupiga kuulizia madarasa, lakini wengi wakishauliza hawakati. Wana jambo. Kazi yetu ni kusikiliza. Haturuhusiwi kutoa ushauri, wala kuhubiri, wala kuuliza jina la mtu. Siku yangu ya kwanza alipiga mama mmoja aliyegombana na binti yake. Mimi nikampa dawa zote ninazozijua, na za jirani. Akanishukuru kwa sauti ya mbali akakata. Mratibu alikuwa amesimama mlangoni. "Umemjibu vizuri," akaniambia. "Lakini alikuwa hajauliza." Nilikwenda nyumbani nimejikunyata. Nimerudi, na sasa najifunza upya kazi niliyodhani naijua.

Zamu yangu ni Jumatano na Jumamosi asubuhi. Namba ya ofisi nimeiandika hapo chini, ya dharura tu, kwa kuwa siku hizi nyumbani sipatikani. Najua wewe na simu. "Ndiyo dada, hapana dada, haya dada," basi. Kwenye karatasi angalau unafumbua mdomo.

Likizo yako naiona ndefu. Wewe si ndiye uliyekatiza fungate ukarudi kwenye injini? Niambie kama kuna kitu.

Dada yako anayekupenda


21 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata majibu, lakini sikulaumu, huenda posta wamelala. Goti limetulia. Mpwa wako anakusalimu. Jirani amepata mjukuu wa kike, anatutembeza na picha zake mtaa mzima.

Nina jambo dogo tu la kukusimulia. Jumatano iliyopita nilikuwa kwenye zamu, simu ikalia. Nikasema kama tunavyosema siku zote, "Habari za asubuhi, nakusikiliza." Hakujibu mtu. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Nyuma yake, kwa mbali, treni ikawa inapita, behewa baada ya behewa, mpaka ikaisha.

Zamani, pale hotelini, ningesema haloo mara mbili nikakata, maana wageni wengine wanasubiri. Safari hii nikasema, "Nipo. Usiwe na haraka." Nikatulia. Mratibu alipita, akaniona nimeshika simu na mdomo umefungwa, jambo ambalo nadhani hakulitegemea maishani mwake, akarudisha mlango polepole. Kila baada ya muda nikawa nasema, "Bado nipo." Sikusema zaidi ya hapo. Mwishowe mtu yule akakohoa, akaweka simu chini.

Sikumwuliza jina. Utaratibu wetu hauruhusu, na hata ungeruhusu nisingeuliza.

Nilitaka tu ujue kwamba Jumatano ijayo nipo tena, na inayofuata pia.

Msalimie sana wifi.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Wifi yako anakusalimu. Yeye ndiye aliyenikalisha mezani, akaniwekea karatasi na kalamu, akatoka kwenda kwa jirani ili nisipate mtu wa kupiga naye soga.

Aliyepiga simu ni mimi. Nadhani ulijua.

Tangu Desemba mambo si mambo. Ilikuwa asubuhi, tumebeba abiria, njia nyeupe, msaidizi wangu ananisimulia mechi ya jana yake. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali, pale njia ya miguu inapokata reli, tukamwona kijana na baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa limezama kati ya reli na zege, limekwama, naye anaivuta. Nilipiga honi. Nilifunga breki zote. Watu wanadhani treni inasimama kama gari, Dada. Haisimami. Unafanya kila unachopaswa kufanya, kisha unabaki umekaa, unatazama. Nilikuwa napiga kelele mle ndani kwamba aiache baiskeli, kana kwamba angenisikia. Dakika ya mwisho aliinua uso akanitazama. Mpaka leo ananitazama.

Walichunguza, wakasema sikuwa na kosa lolote. Wakanipa mapumziko, wakaniita tena mwezi wa kwanza. Nikapanda injini. Tulipoikaribia ile kona mkono wangu ukagoma. Si kwamba niliogopa, uligoma tu, kama si wangu. Msaidizi akaendesha badala yangu mpaka stesheni. Tangu siku hiyo nilikuwa nakaa chumbani kwenye kiti, nimeelekea kabati, kwa sababu dirisha linatazama reli. Zile bawaba za milango nilizikaza kweli, lakini ni kwa kuwa sikuweza kusikia kitu chochote kikilia kwa ghafla.

Sikukwambia kwa sababu wewe umezika. Niliona mzigo wako unakutosha.

Jumatano ile nilitaka kusema, "Dada, ni mimi." Nikajizuia. Nilikuwa najua utakachofanya. Utauliza, utashauri, utapanda basi. Hukufanya hata kimoja. Ulisema upo, basi, nami nikasikia chumba kimepata hewa. Nilipoweka simu chini nikalia. Wifi yako alinikuta sakafuni, na badala ya kuninyanyua akaketi na yeye. Tulikaa pale mpaka chakula kikaungua.

Asante. Nimetafuta neno kubwa zaidi sijaliona.

Wale watu wako nilikuwa nimewafungulia kesi kichwani mwangu. Waambie nimeifuta.

Nina swali moja. Mtu ambaye sala zake hazijanyooka, anaruhusiwa kuingia huko?

Mdogo wako


24 Mei

Mdogo wangu, mtoto wa mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, kisha nikaisoma tena nimekaa. Nilijua ni wewe tangu ulipovuta pumzi. Nimekulea mgongoni, nitashindwaje kuijua pumzi yako? Lakini nilishukuru ulipojitaja mwenyewe.

Pole sana. Naandika neno hilo dogo nikiwa na mengi nyuma yake.

Nikuambie ukweli, siku ile ile ya simu nilifungasha begi. Nguo, dawa ya goti, kila kitu. Nikapitia kwenye taasisi kumuaga mratibu. Akaniuliza, "Amekuita?"

"Hapana, lakini ni mdogo wangu."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuuliza."

Nikaketi kwenye ngazi na begi langu kama abiria aliyeachwa na gari. Nilimkasirikia kidogo, sikufichi. Kisha nikarudi nyumbani nikafungua begi, na nadhani hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote nilizofanya tangu nianze kujitolea. Kwa hiyo sasa nakuuliza. Nije? Ukisema ndiyo, nitakuja. Ukisema bado, nitangoja.

Kuhusu sala kutonyooka, nilimpelekea mwalimu swali lako bila kukutaja. Akacheka, akasema zote zingekuwa zimenyooka yeye angekosa kazi. Mjini kwenu wana kikundi, kinakutana Alhamisi jioni kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Mwenyekiti wao ni muuguzi wa meno. Huhitaji kusema chochote ukifika, unachukua kiti tu. Mratibu amenisihi nikwambie na hili, naye alilisema kwa mkazo: kutulia na kusali hakuchukui nafasi ya daktari. Kazini kwenu lazima yupo mtu wa kuwasaidia madereva waliopatwa na mambo kama haya. Mwone. Nimeshauri sasa, unaona, lakini hili nimetumwa.

Juzi nilikuwa naosha vikombe, maana bado naviosha siku za Jumamosi, nikajikuta namshukuru Mungu kwa ajili ya vikombe hivyo. Bila vile vikombe ningepokea simu yako kwa maswali, nawe ungekata.

Mwambie wifi kwamba namheshimu sana kwa kukaa sakafuni.

Dada yako


17 Agosti

Dada yangu,

Habari za siku. Asante kwa kuja Juni, na asante zaidi kwa kuondoka kabla hatujaanza kugombana kuhusu mapazia. Wifi yako bado anakutaja kila akipika, anasema ulimfundisha kutia chumvi mwishoni. Mimi sioni tofauti lakini nasifu.

Yule mtu wa kazini nimemwona, na naendelea kumwona. Ni mwanamke kijana, mpole, anaandika kidogo na kusikiliza sana, nadhani mngepatana. Usingizi umeanza kurudi. Injini sijapanda bado, na huenda nisipande tena. Wamenipeleka karakana kuwafundisha madereva wapya mambo ya breki. Wananiogopa kidogo, na si vibaya.

Alhamisi sikosi. Mwanzo nilikuwa nakaa karibu na mlango, nilivyokuwa nimekushauri wewe. Sasa ufunguo wa ukumbi ninao mimi. Nafika mapema, napanga viti, nafungua madirisha, na watu wakiingia nawapokea. Muuguzi wa meno anasema kikundi hakijawahi kuanza kwa wakati namna hii. Wameniandikisha rasmi kuwa mtu wa kujitolea. Wifi yako amelicheka jambo hilo mpaka akashika ukuta, akikumbuka nilivyokuandikia mwezi wa pili.

Lakini lililonifanya nichukue kalamu ni jingine.

Nilimwomba mkuu wa stesheni anitafutie wazazi wa yule kijana na kuwauliza kama wangenipokea. Nilimwambia wakikataa asiwasihi. Wakasema nije. Tulikwenda na wifi yako. Baba ni fundi viatu, anafanyia kazi barazani kwake. Alikuwa na kiatu mapajani, akakiweka chini, akanipa mkono. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, Dada. Nilikuwa tayari hata kupigwa.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho," akaniambia. "Kila anayekuja hapa ananipa pole. Hakuna anayeweza kuniambia mwanangu alikuwaje siku ile."

Basi nikamwambia. Kwamba asubuhi ilikuwa ya jua. Kwamba alivaa shati la bluu na mikono ameikunja. Kwamba alikuwa anaivuta ile baiskeli kwa nguvu zake zote, na usoni hakuwa na woga, alikuwa ameudhika tu, kama mtu anayebishana na mbuzi mkaidi.

Mama yake akacheka. Machozi yanamtoka na anacheka. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye mwenyewe. Hakukubali kushindwa na kitu tangu mdogo."

Baba akauliza kama aliteseka. Nikamwambia hapana, na ni kweli. Akainamisha kichwa akakaa hivyo kwa muda mrefu. Nami nikakaa. Sikumwambia ajikaze, wala kwamba ni mipango ya Mungu, wala neno lolote kati ya yale niliyoambiwa mimi miezi yote ile. Alipoinua kichwa akaanza kunisimulia habari za mwanawe, alivyojifunza kutembea akishika ile ile meza ya viatu, alivyokuwa akiwaibia wadogo zake zamu ya baiskeli, binti aliyekuwa anataka kumposa. Tuliingia asubuhi, tukatoka kivuli kimehamia upande wa pili wa nyumba. Mlangoni mama akaniuliza kama nitarudi. Aliuliza kwa namna ya mtu asiyetaka kukulazimisha.

Nimerudi. Nakwenda Jumapili, wakati mwingine na wifi yako, wakati mwingine peke yangu. Namshikia baba viatu akishona. Yule kijana bado ananitazama, Dada, sitakudanganya. Ila siku hizi namjua jina, najua alipenda nini na kilichokuwa kinamuudhi, na macho yake si ya mtu nisiyemfahamu.

Nakushukuru wewe, na hiyo nyumba yenu ya nyuma ya posta, na mama mkunga aliyekuzuia na begi lako. Sina cha kuwalipa, na nimeelewa kwamba hakuna anayengoja kulipwa.

Siku ile ya kwanza mama wa yule kijana alikuja na chai akaniuliza natumia sukari kiasi gani, kama anavyoulizwa mgeni yeyote. Jana aliiweka mbele yangu bila kuuliza, akaendelea na kazi zake. Nikaonja. Ilikuwa sawasawa.

Mdogo wako